Kumshuhudia Marehemu: Vitabu Vitatu juu ya Errol Flynn

Errol Flynn hakuwa mtakatifu. Alizaliwa mwaka 1909 mjini Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, baba yake akiwa mtaalamu wa viumbe vya bahari. Akawa mchezaji mkuu wa sinema huko Hollywood, akajulikana katika nchi nyingi kwa upanga wake katika Captain Blood ya mwaka 1935, na kwa upinde wake katika The Adventures of Robin Hood ya mwaka 1938. Alioa mara tatu. Pombe ilimharibu mwili. Mwaka 1943 alisimama barazani Los Angeles kwa mashtaka ya kuwaharibu wasichana wawili wasiotimiza umri, akaachiliwa. Akafa Vancouver tarehe 14 Oktoba 1959, mwenye umri wa miaka 50.

Mtu wa namna hiyo ni mwepesi kusingiziwa. Mlevi wa mtaa akisemwa kuwa ameiba kuku, nani atauliza ni nani aliyemwona? Wote husema: bila shaka ni yeye. Basi tutazame jinsi waandishi walivyomtendea.

Wa kwanza ni yeye mwenyewe. My Wicked, Wicked Ways ilitoka mwaka 1959, alipokwisha kufa. Aliisimulia kule Jamaica, na mwandishi Earl Conrad akamsaidia kuiandika. Yachekesha, na twakubali kwamba inasomeka upesi. Lakini mtu anayejisifu kwa dhambi zake si shahidi mwaminifu kuliko anayejisifu kwa wema wake. Wote wawili wataka kutazamwa. Tena kuna mahali ambapo Flynn aficha. Katika safari za ujana wake twakutana na daktari mmoja, Koets, msafiri mwenye vituko vingi. Jina hilo si la kweli. Daktari huyo ni Hermann Erben, mtu wa Austria, ambaye alikuwa mtu wa chama cha Hitler.

Hapo ndipo Charles Higham alipoingilia. Mwaka 1980 alitoa Errol Flynn: The Untold Story, akatangaza kwamba Flynn alikuwa mpelelezi wa Wanazi. Urafiki na Erben ulikuwa wa kweli. Safari ya Hispania mwaka 1937, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ilikuwa ya kweli pia, na Erben alikuwa pamoja naye. Lakini kutembea na mwizi si kuiba, ingawa ni upumbavu. Higham mwenyewe alikiri kwamba hana karatasi moja isemayo wazi jambo hilo. Alikusanya vipande vipande, akaviunganisha. Sisi twauliza: ni nani aliyevichagua vile vipande, na vile asivyovichagua viko wapi?

Wengine waliuliza vilevile. Buster Wiles, aliyekuwa rafiki wa Flynn, mwaka 1988, na Tony Thomas mwaka 1990, katika Errol Flynn: The Spy Who Never Was, walimshtaki Higham kuwa aligeuza maneno ya hati za FBI ili zimtie Flynn hatiani. Mashtaka hayo ni mazito. Mwandishi akikosea mwaka au jina la mji, twamsamehe. Akishitakiwa kuwa hati aliyoitaja haisemi alivyoiandika, kitabu chote chatikisika. Ni kweli, Wiles alimpenda Flynn, na Thomas alikwisha kushiriki katika kuandika kitabu juu ya filamu zake. Upendo nao hupofusha. Hatuwaamini kwa sababu ya upendo wao. Twawasikiliza kwa sababu walirudi kwenye karatasi zenyewe.

Binti wawili wa Flynn walipeleka neno barazani. Mwaka 1983 baraza la rufani la California likawakatalia, kwa maana kwa sheria ya pale maiti hawezi kuvunjiwa heshima, wala watoto wake hawawezi kudai kwa ajili yake. Waamuzi walifuata sheria yao. Walakini katika Katekismu hatujapata kusoma kwamba amri ya nane yakoma kaburini. Kusengenya ni kutangaza kosa la kweli bila sababu. Kusingizia ni kutangaza kosa lisilokuwapo, na aliyesingizia yampasa kurudisha heshima aliyoiharibu. Mwandishi wa habari za maisha hana budi kusema makosa ya kweli, la sivyo tutasoma sifa tupu. Ruhusa hiyo haimfikishi kwenye kosa la pili.

Nabii Danieli, alipomtetea Suzana, aliwatenga wale wazee wawili, akamwuliza kila mmoja: ni chini ya mti gani? Walipotaja miti miwili tofauti, hukumu ikapinduka. Asomaye juu ya Flynn na afanye hivyo. Chukua sura ya Hispania katika kitabu cha Higham, uiweke kando ya majibu ya Thomas. Uliza nani alikuwapo, nani alisikia kwa mwingine, hati yasema nini neno kwa neno. Kitabu cha Flynn kisomwe baadaye, kwa ajili ya sauti yake, na penye jina Koets msomaji aandike kwa kalamu: Erben.