Juu ya Istilahi "Kiimarishi"
Tumelisoma pendekezo la kuita "kiimarishi" kila unga uchanganywao katika polima, nasi hatukuridhika nalo. Polima tupu hupitisha joto kidogo mno, yapata wati 0.2 kwa mita kwa kelvini. Unga wa alumina huongeza upitishaji huo, hasa pale chembe zake zinapogusana. Lakini ili zigusane sharti unga uwe mwingi, na ukizidi, mchanganyiko humeguka upesi, hususan chembe zisiposhikamana barabara na polima. Kinachodhoofisha kitaitwaje kiimarishi? Fundi wa plastiki atatucheka. Twaonelea neno "kijazo" liwe jina la jumla, na "kiimarishi" libakie kwa nyuzi za kioo na mfano wake.