Karatasi za Kijumwa na Jina Lililo Juu ya Kasha

Mwanafunzi atakaye kuzisoma barua za Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu hana budi kwanza ajifunze majina ya watu wengine. Katika maktaba ya SOAS, chuo cha London kilichoanza kufundisha mwaka 1917, karatasi zake zimelazwa ndani ya makusanyo ya William Hichens na ya Profesa Alice Werner. Nyingine alizomwandikia Ernst Dammann, Mjerumani aliyefika Lamu mwaka 1936, ziko Ujerumani. Mtu mmoja amegawanywa kama urithi, na warithi si jamaa zake.

Watunzaji hawana lawama. Ni kanuni ya kazi yao kwamba waraka ukae pamoja na karatasi za yule aliyekuwa nao mwisho, wala mpango wake usivurugwe. Na kanuni hiyo imetufaa sana, kama nitakavyoonyesha. Lakini jina lililo juu ya kasha huwa hukumu ya kwanza juu ya yaliyomo. Aliyeandikiwa huonekana bwana wa elimu, na aliyeandika huonekana karani wake. Uhakiki wetu umeifuata hukumu hii kwa muda mrefu mno.

Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945, hakuwa karani. Alikuwa mchongaji wa milango, mpiga kinanda na mshairi. Utenzi wa Fumo Liyongo wa mwaka 1913 ni kazi yake. Hati yake ni safi, irabu zimetiwa, na vipande vya beti vimetengwa kwa alama, hata mgeni asiyezizoea herufi za Kiarabu aweza kuifuata. (Watu wa pwani zamani waliita kitabu chuo. Ukizitazama hati hizi hushangai kwamba neno moja lilitosha kwa kitabu na kwa mahali pa kusomea.)

Tena hakunakili kama mtu avukishaye mizigo ya wenzake. Utenzi mmoja aliowaandikia watu wawili haulingani daima beti kwa beti. Hapo wasomaji wametumbukia katika makosa mawili. Wa kwanza huichukua nakala ya Kijumwa kuwa ndiyo sauti ya wahenga, haikuguswa na mtu. Wa pili, akiiona tofauti, husema kwamba mzee ameiharibu kazi ya watu. Mimi siafiki lolote kati ya haya. Kijumwa alijua ni nani atakayeisoma hati, akaitengeneza kwa ajili yake, na kwa kazi hiyo alilipwa. Fundi kulipwa si aibu. Lakini ili tuipime nakala, yatupasa tujue aliiandika kwa nani, lini, na baada ya kuulizwa nini. Na hayo yamo katika barua, hayamo katika beti. Utenzi uliotengwa na barua yake ni mlango uliong'olewa katika nyumba: nakshi zaonekana, lakini hatujui ulikuwa ukifunguka kuelekea wapi.

Mohamed Abou Egl alilifahamu hili alipoandika tasnifu yake juu ya maisha na kazi za Kijumwa mwaka 1983, na Gudrun Miehe na Clarissa Vierke wakaendelea nalo katika kitabu chao cha mwaka 2010. Kazi hizo zingali husomwa na wachache mno miongoni mwetu.

Faida ya kutovuruga mpango wa karatasi yaonekana vizuri zaidi kwa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yalikuwa vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, ndiye aliyeyakusanya na kumfafanulia mmisionari W. E. Taylor, karatasi za Taylor zikaja chuoni London, na Hichens akayatoa mashairi katika Diwani ya mwaka 1940. Mohamed Abdulaziz alipoandika juu ya Muyaka mwaka 1979, bado alikuwa na karatasi za kurejea. Bila ya maelezo ya Sikujua, shairi la kujibizana lingebaki fumbo: twausikia ukali wa maneno, hatumjui aliyepigwa. Hata hivyo kasha hilo nalo laitwa la Taylor.

Marehemu Yahya Ali Omar, mwanachuoni wa Mombasa aliyeishi na kufundisha London, alishiriki kuandika orodha ya miswada hiyo ya SOAS, na mkusanyo wake mwenyewe umo humo kwa jina lake. Hii yaonyesha kwamba jambo lawezekana. Sidai kasha lolote lifunguliwe wala karatasi ihamishwe. Nadai orodha moja ya Kijumwa, itakayoonyesha kila barua na kila hati ya mkono wake, iwe London au Ujerumani, kwa mfuatano wa tarehe. Kazi haitakuwa ngumu kupita kiasi, kwani mzee alikuwa na desturi ya kutia jina lake mwishoni mwa hati.