Hongera Wanamaji, Kutoka Ishiara

Ishiara ni nchi ya ndengu na mbuzi, mbali na bahari. Hata hivyo, maji ya Mto Thuci humwagikia Tana, na Jeshi la Wanamaji la Kenya lina meli iitwayo KNS Tana. Basi nasi tuna haki ya kutoa pongezi.

Usiku wa kuamkia Septemba 28, 2012, askari wetu walishuka kutoka baharini hadi ufuoni karibu na mji wa bandari wa Kismayo, Somalia, huku wenzao na majeshi ya Somalia wakisonga kwa nchi kavu. Wapiganaji wa Al-Shabaab wakaihama bandari hiyo iliyowapa fedha za makaa.

Kazi hiyo ya kushuka ufuoni kutoka baharini ni ngumu. Askari hufika ufuoni bila boma wala handaki, na risasi, maji ya kunywa na majeruhi vyote hupitia baharini. Siku hizi makombora na droni zimefanya meli kubwa iliyotulia iwe shabaha rahisi. Ndiyo maana majeshi mengi yanajifunza kutawanyika katika vikosi vidogo na boti za kasi. Kwa visiwa na mikoko ya Lamu, mbinu hiyo inatufaa.

Wanamaji, hongereni. Serikali nayo iwape boti na mafunzo ya kutosha.