Luteni Gamboa na Kanuni Zake

Wenzangu wanaisifu La ciudad y los perros (1963) ya Mario Vargas Llosa kwa ukatili wanaofanyiwa wanafunzi wapya wa Leoncio Prado, shule ya kijeshi ya Lima aliyosoma mwandishi mwenyewe. Wanaitwa mbwa, wanapiganishwa kama mbwa. Mimi hayo hayakunishtua; aliyewahi kuwa njuka bwenini anayajua.

Kilichonikaba ni Luteni Gamboa. Kanuni anazo kichwani. Kijana anakufa kwa risasi mazoezini, Alberto anakuja kusema ameuawa, Gamboa anaandika ripoti. Wakubwa wanaikalia. Alberto, ambaye huwauzia wenzake hadithi chafu, anatishwa kwa hadithi zake hizohizo mpaka ananywea (sisi waandishi tusikie!). Gamboa anahamishiwa milimani. Sasa kanuni ya nini?

Huku Chiwata kijana wa jandoni ana mlezi wake. Akidhurika, ukoo unajua wa kumuuliza. JKT je, iliyolazimishwa kwa wasomi 1966, ikasitishwa 1994, ikarudi 2013? Vituko vya kuruta na maafande tumesimuliana tukicheka mpaka basi. Afande wa kuandika ripoti sijamsoma. Najaribu kumwandika mimi, lakini kila sura ananigeukia kichekesho.