Alama ya fedha kwenye kioo: jinsi SR500 inavyopigwa kiki

Yamaha SR500 ilipotoka mwaka 1978 haikuwa na stata ya umeme. Ilikuwa na silinda moja ya cc 499, pistoni yenye kipenyo cha milimita 87, na kiki. Aliyezoea bodaboda za cc 100 au 125 huinua mguu na kukanyaga kwa pupa. Kiki inakwama katikati kama imegonga mwamba, au inaruka juu na kumpiga kwenye muundi.

Inaruka kwa sababu plagi hutoa cheche pistoni ikiwa bado inapanda, kabla kidogo ya kufika kileleni. Flaiwili ikiwa na kasi ya kutosha, inaivusha pistoni na nguvu ya moto inaikuta ikishuka. Ikiwa imezubaa, moto unaikuta pistoni njiani na kuirudisha ilikotoka, mguu wako ukiwa bado juu ya kiki. Ndiyo maana ukanyagaji wa nusunusu, wa mtu anayeogopa, ndio unaoumiza zaidi.

Siri yote iko kwenye mahali pa kuanzia. Injini ya mipigo minne hukandamiza hewa mara moja tu katika mizunguko miwili ya kranki. Ukianza pistoni ikiwa imeshavuka kilele cha kompresheni, mbele yako kuna mteremko mrefu: inashuka, inatoa moshi, inavuta hewa na petroli. Hapo flaiwili inajijazia kasi kabla ya kukutana na mlima.

Wahandisi walimpa mpandaji vitu viwili vya kupafikia mahali hapo, na kwangu ni kazi ya watu wanaojali. Cha kwanza ni leva ndogo kushoto mwa usukani: ukiibana, inafungua kidogo valvu ya moshi na kompresheni inapumua. Cha pili ni kidirisha cha kioo kwenye kichwa cha silinda, penye ncha ya kamshafti. Sukuma kiki taratibu hadi ikaze kabisa. Bana leva, sukuma tena kidogo sana huku umeinama ukitazama kioo: weusi, weusi, kisha alama ya rangi ya fedha inachungulia. Ishia hapo. Achia leva (wengi husahau), iache kiki ipande hadi juu, kisha ikanyage hadi chini kwa katikati ya buti, goti likiwa limekunjwa kidogo, bila kugusa mkono wa mafuta.

Wenye Royal Enfield Bullet za zamani kule India walipatafuta mahali hapo kwa kusoma geji ya ampia. Swichi ikiwa imewashwa, sindano inalala upande mmoja. Platini za kuwashia cheche zikiachana, inarudi katikati. Ni ustadi wa kupendeza, ila betri ikifa geji nayo inanyamaza. Kioo hakihitaji umeme.

Mwaka 1979 Cyril Neveu alishinda Paris–Dakar ya kwanza kwa XT500, ndugu wa SR500, nayo ya kiki tupu. Pikipiki ya namna hii ikianguka, plagi hulowa petroli kwa urahisi, na hapo kukanyaga zaidi ni kuzidi kuilowesha. Zima swichi, bana leva, fungua mkono wa mafuta hadi mwisho, kanyaga mara kadhaa ili petroli iliyozidi itoke kwa njia ya moshi. Funga mafuta, washa swichi, rudi kwenye kioo uitafute alama upya.