Orodha ya Nyimbo kama Zawadi

Kaseti, iliyoletwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ilikuwa na mpaka: ile ya dakika 60 ilibeba dakika 30 kila upande. Aliyemrekodia rafiki nyimbo alilazimika kuchagua, na katika kuchagua alimfikiria atakayesikiliza. Spotify, iliyoanza kutoa huduma mwaka 2008, humwezesha mtu kuwapelekea maelfu asiowajua orodha isiyo na mpaka wa namna hiyo. Na tangu mwaka 2015 programu yake humpangia msikilizaji nyimbo 30 kila Jumatatu. Hatuukatai ufundi huu. Lakini programu huhesabu tuliyoyasikiliza, wala haijui kwamba juma hili tumefiwa, rafiki ajua. Kwa hiyo twaona kuwa orodha fupi, iliyoandaliwa kwa ajili ya mtu mmoja anayejulikana, ndiyo istahiliyo kuitwa zawadi.