Kiraka na Utunzi

Vampire: The Masquerade – Bloodlines, mchezo wa kompyuta ambamo mchezaji huvaa nafsi ya mnyonya damu mjini Los Angeles, ulitoka Novemba 2004, mazungumzo yake yakiwa ya ustadi na kasoro zake tele. Mwaka 2005 waundaji wake, Troika Games, walifunga milango, mchezo ukabaki yatima. Tangu hapo wapenzi wake ndio wanaoushona viraka.

Anayetaka kuurudia leo huanza na adha ya fundi, kwani bila kiraka mchezo hukataa kuwaka kwenye kompyuta zenye kumbukumbu kubwa. Kiraka kikuu nacho kina sura mbili: moja husahihisha makosa, ya pili hurudisha yaliyoachwa na waundaji, ikaongeza na mengine.

Hapo ndipo penye mtihani, nao anaujua kila aliyenakili utenzi kutoka mswada ulioliwa na mchwa. Kurekebisha herufi ni kutunza amana. Kujaza ubeti uliopotea ni kutunga. Yote mawili yana haki yake, ila si kazi moja. Basi anayerudi kuitafuta sauti aliyoisikia zamani na achague sura ya kwanza, asije akawasifu Troika kwa ubeti wasioutunga.